Kigoda cha Fundi Kivuva

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Fundi Kivuva Mutiso anaifunga karakana ya umeme ya chuo chetu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi kumi ya kazi. Nimepewa nafasi katika kijitabu cha ratiba ya sherehe nimuage kwa niaba ya idara. Naibu mkuu wa chuo, Bwana Ngure, aliniomba niandike kwa furaha, nitaje sifa za mzee, na niachane na habari za moto. Furaha nitajaribu. Sifa zipo tele. Habari za moto siachani nazo, kwa sababu ndani ya faili la mzee huyu mna barua ya onyo inayosema kwamba aliunguza karakana kwa uzembe wake, na barua hiyo ni ya uongo.

Mimi ni Kathini Nyamai, mwalimu wa elektroniki. Nimefanya kazi na Fundi Kivuva miaka kumi na mitatu.

Alivuka Mto Athi kutoka Kanyangi mwezi wa Januari 1994, akaripoti hapa upande wa Kathonzweni na sanduku la bati, bisibisi tatu na kigoda cha miguu mitatu alichochongewa na babake. Tangu siku hiyo, kila kinachotumia umeme katika chuo hiki kimepita mezani pake: kengele, pampu ya kisima, jenereta, hata kinanda cha kanisa la jirani. Wakuu wa chuo saba wamekuja na kuondoka. Yeye alibaki na koti lile lile la kijani, limeshonwa viraka kwenye viwiko na mama watoto wake.

Mwaka 2013 wanafunzi walianzisha chama cha magari ya rimoti. Wengi wetu tulicheka. Fundi Kivuva hakucheka, akalima uwanja wa murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, nyuma ya karakana, akauzungushia magurudumu makuukuu, na baada ya mwaka mmoja tukawa tunashindana na vijana wa Kanyangi na wa Zombe. Magari yale ni madogo, lakini yanakimbia kuliko pikipiki kwenye barabara yetu ya vumbi, na nguvu yote hiyo inatoka kwa betri ya lithiamu inayoenea kiganjani.

Hapo ndipo ukali wake ulipoanzia. Betri ya magari yetu ina seli mbili. Ikifika volti nane nukta nne imejaa, basi. Ukiilazimisha kupokea zaidi inapata joto, inavimba kama pakiti ya maziwa iliyosahauliwa juani, halafu inalipuka moto. Waendeshaji wanalijua hilo vizuri, na bado wanashawishika, kwa sababu betri iliyozidishwa kidogo hulipa gari mbio za ziada katika mizunguko ya kwanza. Mutisya wa darasa la 2017 aliona yake imevimba akaitoboa kwa sindano ya bikari ili itoe hewa. Siku ya mahafali alikuja na nyusi za kuchora kwa penseli ya dadake. Fundi Kivuva alimpiga picha, akaibandika ukutani juu ya chaja, na iko pale hadi leo.

Sheria yake ilikuwa moja: anayechaji anakaa. Betri inalala kwenye sufuria ya mchanga, na mtu anakaa kwenye kigoda kando yake, akiigusa kila baada ya dakika chache kwa mgongo wa mkono, mpaka imalize. Akiinuka kwa sababu yoyote, hata ya choo, anachomoa nyaya zote na kukipindua kigoda miguu juu, mlangoni. Kigoda kikiwa kimepinduliwa hakuna kuchaji. Hata kanisani kwao, ambako waumini huchaji simu kwa sola ya kanisa wakati wa ibada, alikaa na simu hizo katika chumba cha nyuma na kusikiliza mahubiri kupitia dirishani. Mchungaji alidhani anamkwepa. Akaenda kumwombea nyumbani mara mbili kabla ya kuelezwa.

Sasa nije kwa Jumamosi ya tarehe 23 Julai 2022.

Mashindano yalikuwa hapa kwetu, na Zombe walikuwa wametushinda mara mbili mfululizo. Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne asubuhi. Saa saba hakuwa amefika, na betri zilizojazwa asubuhi zilikuwa zimeshaanza kuishiwa kwa ajili ya mazoezi. Fundi Kivuva alikaa kwenye kigoda chake akizirudisha moja moja. Ndipo maikrofoni ikaanza kupiga mluzi, na Bwana Ngure akaja kumwamuru aiache kazi hiyo ya watoto akatengeneze maikrofoni, kwani mgeni yuko mjini Wote tayari. Mzee alimwambia hawezi kuziacha zikichaji. Akaambiwa tena, mbele ya wanafunzi, kwa sauti ambayo sitaiandika hapa. Mzee akachomoa kila waya, akakipindua kigoda mlangoni, akaenda. Akanipita, akasema, "Madam, betri haijui mgeni rasmi ni nani."

Robo saa baadaye moto ulikuwa ukitoka dirishani mwa karakana.

Fundi Kivuva aliangusha maikrofoni katikati ya maombi na kukimbia. Aliingia akatoka na sufuria ya kwanza, akaingia tena akatoka na ya pili, akazimwaga uwanjani mbali na watu. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na mitungi minane ya gesi ya kuchomelea. Kila aliyekuwa amekaa chini ya hema siku hiyo, mgeni rasmi na Bwana Ngure wakiwemo, alirudi kwake salama kwa sababu ya zile safari mbili. Mkono wa kulia wa mzee una vidole viwili visivyokunjika hadi leo. Alijifunza kushika chuma cha kulehemu kwa mkono wa kushoto akiwa na miaka hamsini na saba.

Kamati ya uchunguzi ilikaa asubuhi moja tu. Iliuliza zamu ya kuchaji ilikuwa ya nani, ikaona jina la Kivuva Mutiso kwenye karatasi ya mlangoni, ikafunga mjadala, ikanywa chai. Haikuuliza nani alimwondoa. Bwana Ngure alikuwa mjumbe wa kamati hiyo na hakufungua mdomo. Barua ya onyo ikaandikwa na kuingia faili.

Mnamo Agosti mwaka huu chuo cha vijana huko kwao Kanyangi kilimwomba Fundi Kivuva akistaafu akawafundishe vijana kuchaji na kutunza betri, maana pikipiki za umeme na taa za sola zimejaa kila kijiji na nyumba zinaungua. Hakuna kazi ambayo mzee ameitamani zaidi ya hiyo. Wakaitisha faili lake. Wakaisoma barua. Wakamwandikia kwa heshima kwamba hawawezi kumkabidhi mafunzo ya usalama mtu aliyechoma karakana. Mzee aliikunja barua hiyo mara nne akaitia mfuko wa koti, na akaendelea kutengeneza feni ya jikoni.

Basi na tuseme yote. Mzee alipoondoka kwenda kwa maikrofoni, mtu alikiinua kile kigoda na kukiweka kando ili mlango upitike. Mtu huyo alichomeka betri ya gari letu la kwanza, ambayo ilikuwa karibu kujaa, kwenye chaja ya zamani isiyokagua betri ina seli ngapi, inayokubali idadi yoyote unayoiambia. Alikuwa anajua anachofanya, kwa sababu ndiyo kazi anayofundisha. Alitaka kuizidisha kwa dakika mbili tu, Zombe wasitushinde mara ya tatu mbele ya mgeni. Kisha king'ora cha mgeni kikasikika, watu wakaitwa wasimame kwa maombi, na mtu huyo hakutaka kiti chake kionekane kitupu kwenye safu ya walimu. Akaenda kufumba macho pamoja na wengine, na mchungaji akaomba kwa muda mrefu.

Mtu huyo ni mimi. Namkasirikia Bwana Ngure, naikasirikia kamati, lakini hasira niliyolala nayo miaka mitatu ni ya kwangu mwenyewe. Ningeweza kusema neno moja asubuhi ile ya uchunguzi, na sikulisema. Niliendelea kufundisha usalama wa umeme, Jumatatu na Jumatano, saa mbili hadi saa nne.

Maelezo yangu yaliyotiwa sahihi yako mezani kwa mkuu wa chuo tangu Jumatatu. Nakala nyingine nimeipeleka Kanyangi kwa mkono wangu, nikaisubiri isomwe nikiwa nimesimama pale. Kurasa hizi nazo nimezipeleka kwa mchapaji Wote mimi mwenyewe, kwa hivyo Bwana Ngure anazisoma sasa hivi pamoja nanyi. Naomba ile barua ya onyo itolewe failini mbele ya watu leo, kabla ya keki kukatwa. Ikihitajika nyingine ya kuziba nafasi yake, jina langu mnalo.

Fundi Kivuva, idara inakushukuru kwa kila kengele iliyolia na kila mwanafunzi aliyerudi nyumbani na vidole kumi. Nenda Kanyangi ukakae vizuri na mama watoto, ufundishe, uzeeke kwa amani, na Mungu akuzidishie siku.

Nilikujia wodini, mkono wako umefungwa bendeji, ukaniuliza jambo moja tu: "Madam, ile chaja ilikuwa imewekwa seli ngapi?" Nilikujibu kwamba sijui. Ulinitazama, ukasema, "Sawa," na hujaniuliza tena.

Ilikuwa tatu, mzee wangu. Niliiweka mimi.