Giaboksi Iliyo kwa Mjomba Wenu

Sikilizeni wanangu, na wewe Mwendokasi weka simu hiyo mfukoni, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Nyumba nimekwisha kuwaambia: chumba cha mbele cha dada yako, cha nyuma chako, na karakana ni yenu nyote wawili, msiigawe kwa ukuta wala kwa kufuli. Limebaki gari. Nawasikia huko jikoni mkidhani nimelala, mnabishana giaboksi ipi ifungwe, na ubishi wenu umenipa raha kuliko hizi dawa, kwani wanaogombania giaboksi hawana nia ya kuliuza gari la mama yao.

Mwendokasi, hiyo ya gia tano uliyoileta imepakwa rangi ya fedha, inapendeza kama bwana harusi, lakini vyote ving'aavyo si dhahabu. Ilitengenezewa injini ndogo, na yetu ni kubwa. Gari la zamani linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kila ukikanyaga mafuta, nguvu yote hupita kwenye giaboksi, kisha propela, ule mtaimbo mrefu wa chini, kisha difu inayozungusha magurudumu ya nyuma, na palipo dhaifu ndipo patakapokatika. Nawe binti yangu, fundi wangu, unataka kurudisha ile ya gia nne kwa sababu marehemu mama yenu aliizoea. Nakupenda kwa hilo. Lakini imechoka, iache ipumzike.

Msihesabu gia, pimeni unene wa shafti, ule mhimili unaobeba gia. Itikiseni kwa mkono mjue kama inacheza. Tazameni mkono wa gia unatokea wapi, msije mkaitoboa sakafu upya, na urefu wake, ili propela isikatwe sana. Yenye sifa hizo zote naijua moja tu, ya pikapu, na iko kwa mjomba wenu mkereza vyuma, chini ya meza yake, imefunikwa gunia.

Ndiyo, huyo huyo. Miaka kumi na tisa nimewaambia kuwa alitukerezea shafti mbovu, ndiyo maana gia zikaanza kulia, gari likatuangusha njiani siku ya maziko ya bibi yenu, na mama yenu akafika kaburi limekwisha kufukiwa. Mama yake mzazi, wanangu! Tangu siku ile hakumsemesha kaka yake mpaka anakufa.

Shafti ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeitia giaboksi oili ya difu, kwa kuwa kopo lilikuwa karibu na duka lilikuwa mbali, nikajisemea oili ni oili. Oili ile ni kali kwa shaba, ikazila ringi za shaba zinazolainisha gia kuingia, taratibu, kama mchwa. Nilipoifungua nikaziona kwa macho yangu, nikanyamaza. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kwa sababu mama yenu aliniamini. Msinitazame hivyo. Nipeni maji kidogo.

Basi, hiyo giaboksi mkaiombe kwa adabu, na oili achague yeye. Muifunge pamoja, mmoja aishike kwa chini, mwingine akaze bolti, haiinuliki na mtu mmoja, na hilo nimelipenda tangu zamani. Mungu awape mikono isiyo na haraka na ndimi zisizoogopa kusema nimekosea. Gia zenu ziingie bila kulia, mpendane, na... mnieleze kwa wajukuu, msinifiche aibu yangu.

Sasa fungueni mlango. Tangu asubuhi nasikia kikohozi barazani, na kikohozi cha vumbi la chuma nakijua. Haingii nyumba isiyomwita, ana kiburi kama dada yake. Mwiteni. Niinueni kidogo... hapo, hapo panatosha.

Karibu, shemeji. Kaa karibu, sauti yangu... Shafti yako ilikuwa nzima.