Mtani Aliyekalia Sanduku Langu

Nawasalimu kwa jina la Bwana, ndugu zangu wanachuo. Sifa ni zake, maana mdomo huu mnaousikia leo ulikuwa umefungwa, naye akaufungua. Sikuja kuwahubiria. Mchungaji yupo, na kazi yake simnyang'anyi. Nimekuja kushuhudia jambo lililonipata hapa hapa Temeke, nilipokuwa msichana wa ualimu kama ninyi, nikikaa kwenye mabenchi haya haya yanayorarua sketi.

Mimi ni Mnyamwezi, mtoto wa katekista. Baba yangu alikuwa mtu wa Mungu na mtu wa kengele. Alitulea misheni, na mambo mengi ya ukoo wetu hakuyaruhusu nyumbani kwake. Pombe aliikataa, ngoma aliikataa, na utani aliukataa vilevile. Alisema utani ni matusi yaliyovalishwa kanzu. Basi nikakua bila kujua mtani ni nani wala ana kazi gani. Siku nilipopanda gari moshi kuja Dar es Salaam aliniusia maneno machache: soma, sali, usijichanganye.

Ndugu zangu, nilitii kuliko nilivyotumwa. Wanakwaya waliponialika, nikasema koo linaniuma. Wa netiboli nikawaambia goti. Kwenye bustani ya mihogo nilikuwa na udhuru, na kwenye mdahalo wa Ijumaa nilikuwa na udhuru mwingine. Nyuma ya bweni kulikuwa na chumba cha kuwekea masanduku, nikahamia humo na mkeka wangu. Nilifunga mlango, nikasoma. Alama zangu zilikuwa za juu. Nilijiona mtakatifu kidogo kuliko wenzangu, na nilikuwa mpweke kupita kiasi.

Watu hudhani shetani lazima akupeleke dansini. Mimi aliniacha chumbani na vitabu vyangu, akaenda zake kushughulika na wengine.

Ikaja zamu ya kwenda kufundisha katika shule ya jirani. Nikasimama mbele ya watoto, chaki mkononi, na sauti haikutoka. Watoto wa Temeke mnawajua. Walingoja kidogo, kisha wakaanza kuniigiza jinsi nilivyokuwa nikifungua na kufumba mdomo. Mkuu wetu wa chuo, mama wa Kiingereza, aliniita ofisini. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba nitajaribiwa tena baada ya Pasaka, na nikishindwa nitarudi kwetu, kwa kuwa mwalimu asiyesikika si mwalimu. Afadhali angenikaripia.

Na juu ya hayo yote alikuwepo Eliza. Eliza alikuwa Mzaramo wa Maneromango, msichana wa bweni langu, mwenye sauti ya kuweza kunadi samaki kutoka hapa hadi Kunduchi. Siku ya kwanza aliposikia kabila langu alipiga makofi: "Mpagazi wangu kafika! Babu zako walibeba mizigo ya misafara hadi huku pwani, wewe nani kakuruhusu utue wako?" Akauchukua mto wangu. Kesho yake akachukua sahani, siku nyingine mkeka, na kila mara aliniambia nikitaka nikomboe. Mwenzenu sikujua kwamba ndivyo watani wanavyoishi. Ningechukua kanga yake na kumwita mvivu anayejua ngoma tu, mambo yangekwisha kwa kicheko. Mimi nilidhani ananichukia. Nililia kimya, nikazidi kujifungia. Mnyamwezi gani asiyejua kuwa Mzaramo ni mtani wake? Ni huyu hapa mbele yenu.

Wiki ile kabla ya Pasaka ikaja simu ya maandishi kutoka nyumbani. Baba amefariki, amekwisha kuzikwa. Niliisoma nikiwa nimesimama, wala sikulia. Nikaenda kwenye chumba cha masanduku, nikaweka nguo zangu, nikalifunga sanduku langu kwa kamba. Nilikuwa nimekata shauri kwenda na nisirudi tena. Baba sina, sauti sina, rafiki sina. Nikiondoka, nani atauliza niko wapi?

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Eliza. Hakunipa pole. Alikuja moja kwa moja, akakalia sanduku.

"Unakwenda wapi na mzigo wangu?"

Nikamwambia baba yangu amekufa.

"Najua. Mkuu katuambia. Sasa Mnyamwezi afiwe huku kwetu Uzaramo, sie watani wake tukae tunasuka nywele? Tutaitwa watu gani? Inuka, mpagazi. Msiba haukaliwi peke yako."

Akanivuta mkono hadi barazani. Wasichana walikuwa wametandika majamvi, moto umewashwa, sufuria ya chai iko juu. Wale niliowadanganya habari za koo langu walikuwa wanaimba. Wale wa bustani wamechimba mihogo na kuileta. Wakanisogezea nafasi katikati yao, na hapo ndipo nilipolia.

Tulipokwisha kulia, Eliza akashika kazi ya mtani. Alijifunga shuka kama kanzu, akaokota bati na kijiko, akaanza kutembea mbele yetu na kifua mbele, ndiye katekista sasa. Eliza hakuwahi kumwona baba yangu hata siku moja, alisikia tu kwamba ni katekista. "Nyie mnaochelewa ibada," akaunguruma, "mbinguni mtaingilia dirishani?" Wasichana wakacheka. Nilishikwa na butwaa: mtu amekufa, na hawa wanacheka! Tena alikuwa akikosea. Kengele aliigonga ovyo ovyo, na sauti aliifanya nene mno.

Nikajisikia nasema, "Sivyo. Baba hakuwa hivyo."

Eliza akaninyooshea kijiko. "Basi tuonyeshe wewe. Mie simjui. Wewe ndiye mwanawe."

Ndugu zangu, nilisimama. Nikagonga bati kama baba alivyogonga, mara mbili, halafu anasikiliza, halafu mara moja tena. Nikaita kwa sauti yake, nyumba kwa nyumba, kama alivyokuwa akiwaita watu wa misheni: mgonjwa aletwe, aliyenuniana na mkewe aje naye, mwenye mtoto mchanga akae karibu na mlango. Sauti ikatoka. Ilifika hadi jikoni, wapishi wakatoka kutazama. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, nami nikajua Bwana amenifungua.

Nilikuwa nimemwomba kila siku katika chumba kile, mlango umefungwa. Akanijibu barazani, mbele za watu niliowakimbia, kwa mkono wa msichana niliyemwita adui.

Mtani akishafanya kazi yake hudai ujira. Wa Eliza ulikuwa huu: Jumamosi niende kwaya. Nilienda, wakaniweka nyuma kwa sababu zinazoeleweka. Nikaenda bustanini. Nikaenda netiboli, nikaanguka sana. Kamba ya sanduku Eliza aliigeuza ya kuanikia nguo, nami nikamchukulia kanga yake ya sikukuu, hajaikomboa hadi leo. Baada ya Pasaka nikarudi kwa wale watoto. Walipoanza kuniigiza, nami nikawaigiza wao. Tulicheka, kisha tukafanya hesabu. Leo nafundisha Kinondoni, na majirani wanalalamika kwamba nasikika mno.

Baba yangu simlaumu. Lakini yeye mwenyewe maisha yake yote aligonga kengele, na hakuna agongaye kengele ili akae peke yake.

Najua wapo wanaosema, nimekuja kusoma, sikuja kucheza. Vitabu someni, tena kwa bidii. Ila kidole kimoja hakivunji chawa. Imbeni, limeni, chezeni, bishaneni siku ya mdahalo, kaeni msibani kwa mwenzenu. Mtumainini Bwana, mkawatumaini na hawa aliowalaza bweni moja nanyi.

La mwisho. Mchana huu nilipita kwenye chumba cha masanduku. Katikati nikakuta mkeka, na juu yake kitabu kilichofunuliwa. Mwenyewe hakuwepo. Sikuuliza ni nani, naye asiinue mkono. Kitabu nimekiacha. Mkeka nimeuchukua, huu hapa chini ya benchi langu. Kabila lake silijui, ila leo mimi ni mtani wake. Tukishapokea baraka nitakuwa uwanja wa netiboli, na timu imepungua mtu mmoja. Aje peku, aukomboe.