Chupa Arobaini na Moja za Asnath

Wasikilizaji wapendwa, mlio Kinampanda, Mgori na Itigi, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Asnath Alute, mtaalamu wa maabara, aliyezikwa Jumamosi kijijini kwao Kinampanda. Asnath alikuwa mtu wa kisasi. Familia yake imetuomba tusilifiche hilo.

Mwaka 1999 mama yake, Winfrida, alitolewa uvimbe kwenye titi. Kinyama kilichokatwa kwa ajili ya kipimo kilitakiwa kutiwa papo hapo kwenye fomalini, dawa inayozuia kisioze. Msimamizi wa chumba cha upasuaji, Antipasi, alikitia kwenye chupa kavu. Hakuandika jina. Chupa ikakaa dirishani siku tatu. Juani.

Kila Asnath alipofuata majibu, Antipasi alimwambia, "Bado, binti. Rudi wiki ijayo."

Miezi minne, wasikilizaji. Kinyama kilishaoza, na Antipasi alijua. Mama Winfrida akafa bila kujua anaumwa nini.

Asnath akasomea maabara. Akaomba kazi hospitali ileile. Siku ya kwanza akampa Antipasi shikamoo, kwa heshima zote. Mzee hakumkumbuka.

"Hilo ndilo lililomchoma zaidi," anasema kaka yake, Chediel.

Miaka miwili Asnath aliandika kila sampuli iliyotoka kwa Antipasi. Imekatwa saa ngapi, imefika saa ngapi, ina jina au haina, dawa imefunika nyama au imeilowesha tu. Zilizofaa alizigandisha kwenye nta, akazikata nyembamba kama ganda la kitunguu, akazitia rangi, zikaenda kwa daktari wa hadubini. Zilizooza alizihesabu, na wenyewe akawasaka mmoja mmoja warudie kipimo. Zilifika arobaini na moja.

Mbele ya kamati ya hospitali akazisoma zote arobaini na moja. Antipasi akapiga magoti.

"Mwanangu, nisamehe."

"Rudi wiki ijayo," Asnath akamjibu.

Antipasi akafukuzwa kazi. Jioni ile Asnath alichinja jogoo. Chediel akauliza, tunasherehekea nini?

"Mama amepata majibu yake."

Antipasi alipougua alituma watu mara mbili kuomba radhi. Mara mbili wakarudi mikono mitupu. Akafa hivyo hivyo.

Mwaka juzi ikaja maabara chupa yenye jina la Belinda, binti wa Antipasi. Wenzake wakamtazama. Asnath akaishughulikia mwenyewe, hatua kwa hatua, na majibu yakatoka mapema. Belinda akatibiwa. Jumamosi alikuwepo mazikoni.

"Nilienda kumshukuru," Belinda anatuambia. "Akanishika mkono. Akasema, 'Wewe huna deni kwangu. Ila baba yako bado sijamsamehe.'"

Pole kaka Chediel, poleni ukoo wote wa Alute. Nasi tutafakari, wasikilizaji wapendwa. Ndugu yako akikatwa kinyama cha kupimwa, uliza: kina jina? Dawa imekifunika? Majibu lini? Uliza ukiwa umesimama palepale. Atakayekasirika, mwache akasirike.