Tumbo la Ngari

Foleni ya kupimwa presha na sukari ilikuwa imezunguka hema la kliniki sokoni Siakago, na Mwalimu Ciku hakuwa na la kufanya ila kuwasikiliza wawili waliosimama mbele yake.

"Hii tumbo ndiyo inaniuzia mbuzi. Mtu mnene anaaminika," Ngari, mchuuzi wa mifugo, alikuwa akimwambia mama mmoja mwembamba asiyemjua. "Mwaka jana daktari alinikataza chapati, nikapungua. Wanunuzi wakasema nina ule ugonjwa. Watu wa kanisa wakaja nyumbani kuniombea, na bibi yangu akaulizwa kama siku hizi hapiki."

Ciku alijizuia kucheka. Mama yule hakucheka.

"Mzee wangu pia alikuwa na tumbo ya heshima," akasema. "Wale walimheshimu walijaa kwa mazishi."

"Pole, mama. Lakini kusemwa ni aibu."

"Aibu imezika nani?"

Zilikuwa zimebaki hatua mbili kufika hemani. Ngari akatazama mbuzi wake kule uwanjani, kisha akasogea kando. "Pita wewe kwanza, mama. Mimi nitarudi."

"Mimi nilipimwa asubuhi," mama akasema bila kupandisha sauti. "Nimesimama hapa kwa sababu nimekuona ukitoka kwa laini mara mbili."

Ciku, ambaye naye alikuwa ameanza kufikiria kwenda nyumbani, akatulia. Muuguzi akainua pazia na kuita anayefuata. Foleni nzima ikamtazama Ngari, naye akabaki ameushika mkanda wake.