Sauti ya Kinue Kwenye Spika

Pale kwenye benchi, kando ya mashine ya kahawa za kopo, mashamba ya matufaa ya Tsugaru, kaskazini mwa Japani, yakiwa nyuma yao, kijiwe kilikuwa kimechachamaa. Kinue peke yake alikuwa akilizungusha kopo lililompoa mkononi. Halmashauri inamtaka arekodi tangazo la mafuriko la kwenye spika za mtaani, kwa maneno ya kijijini, na jibu wanalitaka leo. Moyoni anatamani. Aibu ndiyo inayomkaba.

— Usithubutu, Mama Kinue, — alisema Narumi, mwalimu mstaafu. — Hiyo ni hogen, lahaja. Lahaja ni ya jikoni. Spika ya serikali inataka lugha sanifu.

— Hogen neno la vitabuni hilo! — akadakia Soma, aliyebandikwa jina la Redio kwa kutofunga mdomo. — Sisi tunasema Tsugaru-ben. Ukishaweka ben, yaani usemi, nyuma ya jina la kwenu, basi una kwenu.

— Ben gani? Huyu ana namari. Hata akisoma gazeti la Tokyo, lafudhi inamponyoka.

— Namari imeletwa na baridi, Mwalimu! Babu zetu walibana midomo theluji isiingie.

— Ebo!

— Na matufaa nayo! Yasemeshe kisanifu uone kama yataiva. Jirani yangu kajaribu, yamegoma.

Kinue akacheka bila kutaka, kisha aibu ikamrudia. Usichanani mwake, kiwandani Tokyo, wenzake walimwigiza mpaka akaacha kuongea mezani.

— Watanicheka tena, — akasema.

Sonoko, mkwe mpya wa kina Kasai, aliyeolewa kutoka kusini kabisa, Kagoshima, alikuwa amekuja kununua kahawa. Akainama kwa adabu.

— Samahanini, wazee wangu. Mwaka jana mto ulipofurika, spika si ilitangaza? Nani alitoka nyumbani?

Mwalimu akaanza kulichunguza kopo lake.

— Iliongea vizuri mno, — akanong'ona Redio. — Nikadhani taarifa ya habari.

— Sasa mlitokaje?

Wote wakamtazama Kinue, aliyewagongea milango siku ile, kalowa chapachapa, akipiga kelele.

Kinue akaweka kopo chini.

— Hebu ngoja nijaribu.

Akavuta pumzi, akapaza sauti kwa maneno ya siku ile, na namari yake yote:

— Nyie, tokeni! Mto huo! Acheni vitu, pandeni shuleni!

Redio akaruka. Lakini wa kwanza kusimama, kofia mkononi, tayari kupanda shuleni, alikuwa Mwalimu.