Abdulhalim na Ufizi Uliokataa Kupona

Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 1913, Bwana Abdulhalim bin Aidarus anaweka chini koleo alilolishika muda mrefu katika miaka yake ishirini na miwili ya kazi kwenye zahanati yetu ya Ndia Kuu. Wenye magego mabovu wamehuzunika. Wanaoogopa kung'olewa wanasherehekea tangu Ijumaa.

Alianza mwaka 1891 kwa kuosha vyombo na kushika vichwa vya wagonjwa visitikisike. Mwaka wa tatu akapewa koleo. Mkono wake ulikuwa mwepesi hata Bi Mwanaesha wa Kibokoni akauliza ataanza lini, na jino lake limeshatiwa bakulini.

Mwaka 1899 sifa hiyo ilikaribia kuzikwa. Alimng'oa gego Bwana Akil, mpika halua mashuhuri. Ufizi wa mtu mwingine huanza kuziba ndani ya wiki. Wa Akil ulivimba, ukatoa usaha, na wiki ya tatu shimo lilikuwa bado wazi. Akil akasimama mlangoni kwetu, shavu kama andazi, akapaza sauti njia nzima isikie: "Mkono wako una kisirani, Abdulhalim! Umenitia sumu!"

Wiki hiyo hakuja mgonjwa hata mmoja. Mkuu wetu akamwambia Abdulhalim kuwa ufizi ule usipopona, koleo litapata mwenyewe mwingine.

Badala ya kubishana, Abdulhalim alimwita Akil, akamkaribisha akae, akamtazama tu. Kabla ya adhuhuri Akil alikuwa amekunywa kata tatu za maji na kwenda uani mara nne. Mara ya nne Abdulhalim akamfuata, jambo lisilo la adabu, na mwenyewe anakiri. Mchangani, pale Akil alipojisaidia mwanzo, sisimizi walikuwa wamejaa kama walioalikwa harusini.

"Sisimizi hawasemi urongo, bwana," akamwambia. "Mkojo wako una sukari. Mwenye maradhi haya kidonda chake hakifungi upesi. Ufizi waoza, nawe wamlaumu mng'oaji."

Akil akanywea. Miaka thelathini alikuwa akionja kila sufuria. Alikatazwa halua, tende na asali, akapewa maji ya chumvi ya kusukutua mara tano kwa siku. Ufizi ukaanza kutulia, kisha siku ya tisa ukavimba tena. Abdulhalim akamvua kofia mbele ya watu: kipande cha halua kimo ndani, kimefungwa kwa jani la mgomba! Tangu hapo kazi ya kuonja alipewa mkewe, Bi Sheikha, aliyeipokea bila kulalamika.

Siku ya arubaini na tatu shimo lilifunga. Akil akarudi mlangoni, akapaza sauti ile ile, safari hii akiomba radhi. Abdulhalim alijifanya anatafuta kitambaa.

Baada ya hapo hakumng'oa mtu jino kabla ya kumuuliza habari za kiu na za uani. Wengi walikasirika. Bi Mbodze aliondoka akifoka alipoambiwa aache vitamu kwanza. Akarudi baada ya miezi miwili, akang'olewa, akapona, akatuletea kuku.

Bwana Abdulhalim, ahsante kwa mkono wako na kwa ujasiri wa kuchungulia uani. Nenda ukapumzike na mkeo, Bi Ummulkheir, kwa afya na furaha. Wenye meno wakuchekee njiani, na mapengo uliyoyaacha yakuombee dua.