Ubao wa Mashineni: Maisha ya Sylvanus Benedikto wa Mamba

Baba Padri, wazee wa Mamba na wa Kibaoni, wafiwa, majirani, na nyie mliojibanza kule nyuma kwenye uzio kana kwamba mmepita tu, karatasi hii ilitakiwa isomwe na mdogo wa marehemu wa kuzaliwa, lakini tangu jana imezunguka mikononi mwa Wapimbwe wote wa ukoo huu, na kila aliyeona jina la marehemu lilivyoandikwa pale juu aliirudisha haraka kama ameshika kaa la moto, mpaka ikanifikia mimi Manyanda Mwandu, shemeji yake, Msukuma, niliyeishia darasa la nne na bado nasoma kwa sauti kuliko makatekista wawili wakiunganishwa, na kwa kuwa utani wa shemeji hauzikwi na mtu, nitasoma kama yeye alivyonizoea.

Marehemu Sylvanus Benedikto alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 hapahapa Mamba, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Benedikto na mama Romana, wakulima wa mpunga, ambao wote wawili wametangulia, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na ingawa hakuchaguliwa kuendelea alitoka pale na kitu kimoja ambacho hakuna Mpimbwe mwingine aliyekuwa nacho, mwandiko, herufi zilizosimama kama askari wa gwaride, hata mwalimu akichoka alikuwa anampa yeye chaki aandike ubaoni huku mwenyewe akinywa uji.

Kwa kawaida hapa ingefuata kazi, lakini mimi natanguliza ndoa kwa sababu ndiyo iliyoniingiza kwenye maisha yake, tarehe 6 Juni 1981 marehemu alifunga ndoa na dada yangu Esteria Mwandu, miaka mitatu baada ya sisi kufika huku na ng'ombe wetu kutoka Shinyanga, na siku ya mahari alileta ng'ombe wanne waliokonda kiasi kwamba baba yangu aliwazunguka, halafu akauliza kwa upole kama hawa ni mbuzi waliorefuka, Sylvanus akajibu kwamba ng'ombe wa Mpimbwe hunenepea kwa mkwe, baba akacheka mpaka akakaa chini na mambo yakaisha hapohapo, na katika ndoa hiyo walijaliwa watoto watatu, Immaculata aliyezaliwa mwaka 1983, Sikujua aliyezaliwa mwaka 1987, na Rozalia aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1991.

Mwaka 1986 marehemu aliajiriwa kuendesha mashine ya kukoboa mpunga pale Kibaoni, na mashine ile mnaijua, ikikoboa siku mbili inalala wiki, kipuri chake kinasubiriwa kishuke na treni Mpanda kutoka Tabora, na kikishuka Mpanda kinasubiri tena lori, kwa hiyo kazi kubwa ya Sylvanus haikuwa kukoboa, ilikuwa kuwaeleza watu waliokaa juu ya magunia yao kwa nini hawakobolewi, mpaka mwenye mashine alipochoka na maswali akatundika ubao mweusi ukutani, chaki imefungwa kwa kamba ya katani, ili kila mtu ajisomee mwenyewe.

Kwa miaka mingi marehemu aliandika kwenye ubao ule kwa sauti ya redio, yaani, "Wananchi wote mnatangaziwa ya kwamba huduma ya ukoboaji imesitishwa hadi hapo mtakapotaarifiwa tena," akimaliza anasimama pembeni ameshika kiuno kama mkuu wa wilaya, na mimi nilimwambia wazi, shemeji, huyu anayeandika hapa ni nani, maana wewe tunakujua na huongei hivi, akanijibu kwamba kuongea ni kuongea na kuandika ni kuandika, na kwamba siku atakayofundishwa uandishi na mchunga ng'ombe ndiyo siku atakayoacha chaki.

Tarehe 19 Mei 1993 mtoto wao Rozalia alifariki kwa surua, akazikwa kesho yake, na tarehe 22, kabla matanga hayajaisha, marehemu alitoka nyumbani bila kumuaga mtu, akaenda mashineni, akafuta ubao wote, akaandika, "Nyie, juzi nimemzika mwanangu. Nimekuja kazini kwa sababu nyumbani hakuna anayelia usiku, na mimi sijazoea," hakuandika wananchi, hakuandika mnatangaziwa, aliandika nyie, nyie ileile tunayotumia kugombana kwenye foleni, ambayo mwalimu wake angeipiga mstari mwekundu, na mchana huo mama mmoja mjane anayeitwa Theopista, aliyekuwa akiuza chai na mihogo ya kuchemsha pale mlangoni, alifuta mikono kwenye kanga, akashika chaki kama anashika mwiko, akaandika chini yake kwa herufi za kwenda mrama, "Mimi nilizika wawili. Karibu," na kufika jioni ubao ulikuwa umejaa mpaka kwenye fremu, watu waliokuja na hasira za mashine walisimama pale wanasomeana, na aliyekuwa hajui kusoma alikuwa anashika mtu mkono na kumwambia, hebu rudia hapo.

Tangu siku hiyo mashine ilikuwa hata ikipona watu hawaondoki, kila asubuhi Sylvanus anaandika lake linaloanza na nyie, la uchungu, la njaa, la mke wake kumnyima mazungumzo, na chini yake kila mtu anatupa la kwake, isipokuwa jambo moja tu halikufanyika, jina la mtu halikuandikwa, na hilo hakuna aliyelitunga, ni kwamba sisi wote tumekua tukiona majina ya watu kwenye ubao mmoja tu ukiacha wa shule, ule wa mlangoni mwa kanisa mwezi wa kumi na moja, majina ya marehemu wa kuombewa, kwa hiyo hapa kwetu ukiona mtu mzima ameandikwa ubaoni kwa jina lake la ubatizo unajua ameshakwenda, ndiyo maana pale mashineni tuliitana Mama Chai, Baiskeli Mbovu, Ng'ombe Wengi, na huyo wa mwisho ni mimi.

Nikisema ubao ule ulitujengea ujirani sisemi kwa kumpamba Mpimbwe, mimi mwenyewe mkulima mmoja wa hapa aliniandikia, "Nyie wenye ng'ombe, mpunga wangu umeliwa," nikamjibu, "Mpunga wako ndio uliosimama njiani," akaandika, "Njoo uniambie usoni," nikaenda, nikamkuta na jembe begani, tukatukanana mpaka sauti zikakauka, mke wake akatuletea wali, na tangu hapo ng'ombe wangu wanapita kwa heshima, halafu mvua za El Nino za mwanzoni mwa mwaka 1998 zilipobomoa nyumba ya wageni fulani waliohamia Kibaoni, Sylvanus aliandika tu, "Nyie, kuna watu wamelala juu ya meza," na kabla ya jioni Wapimbwe walikuwa wanasimamisha miti, Wasukuma wanaezeka, na wote wanatukanana kwa furaha ambayo mimi sijaiona tena.

Mwezi wa nane mwaka huohuo Theopista, Mama Chai wetu, alipelekwa Mpanda hospitalini akiwa amevimba tumbo, na Sylvanus, ambaye tangu msiba wa mwanae alimhesabu mama yule kama dada, aliona kumwita Mama Chai wakati anaumwa ni kumvunjia heshima, akaamka asubuhi ya tarehe 17 Agosti, akaandika kwa mwandiko wake wote, akazungushia na maua, "Theopista, tunakukumbuka," mtu wa kwanza kusoma alikuwa mama wa hapa Mamba aliyekuja na gunia kichwani, gunia lilianguka, yowe likapigwa, na kabla jua halijafika katikati habari ilikuwa imeshatembea mpaka hapa, watoto wa dada yake wameshanyolewa, maharage yako jikoni na vijana wako makaburini wanachimba, Sylvanus akaendesha baiskeli kama mwendawazimu kuja kusema jamani mama yule mzima, nilimaanisha tunamuwaza, watu wakamshika mabega wakamwambia, pole kaka, uchungu umekuchanganya, kaa unywe maji.

Tarehe 20 Agosti lori kutoka Mpanda lilisimama njia panda na juu ya magunia alikuwa amekaa Theopista mwenyewe, anapiga kelele ashushwe taratibu, akatembea hadi kwake hapa Mamba, akakuta wanawake wanagaragara uani, akauliza, "Nani tena?", waliokimbia walikimbia na waliozimia walizimia, yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, akanywa chai ya matanga yake na kulalamika kwamba haina tangawizi, kwenye lile kaburi wakazika mgomba ili lisibaki wazi likidai mtu, na pengine hadi leo tungekuwa tunacheka, ila tarehe 9 Septemba Theopista alifariki kwelikweli, kwa ini, kama daktari alivyokuwa ameshawaambia ndugu zake, lakini nani alitaka kusikia habari za ini.

Hakuna aliyemlaumu Sylvanus usoni, ujasiri huo hatuna, watu waliacha tu kugusa chaki, wakawa wakija mashineni wanakaa wameupa ubao mgongo, anayejua kusoma anajifanya amesahau, na yeye kila asubuhi anaandika, "Nyie, mbona kimya," anaandika, "Nyie, nilikosea neno, sikumwita mtu," anaandika, "Nyie, leo nimechekwa na kuku," na jioni anakuta maneno yake yako peke yake vilevile, siku moja akajaribu kurudia wananchi mnatangaziwa, akafika katikati akafuta, akamwambia dada yangu kwamba sauti ile haimtoki tena, ameipoteza, na hii iliyobaki haina wa kusikia.

Marehemu alianza kukohoa mwezi wa kwanza mwaka huu wa 1999, akatibiwa zahanati, mwezi wa tatu akalazwa Mpanda na kukutwa na kifua kikuu, akapewa dawa na akazimeza bila kuruka, lakini pafu moja lilikuwa limeshakwisha, akarudishwa nyumbani Kibaoni mwezi wa saba, wakati huo mimi niko Kasekese na ng'ombe kutafuta malisho, na tarehe 12 Septemba alijikokota mpaka mashineni kwa mara ya mwisho kuandika, akaandika, "Nyie, naumwa. Mwenye mkono aandike chochote hapa chini, hata tusi," kisha akarudi kitandani, na kuanzia hapo kila jioni Esteria akirudi alikuwa anaulizwa swali moja tu, kuna kitu chini?

Dada yangu hakusoma hata darasa moja, lakini kitu na si kitu anavijua, kila jioni alisema hakuna, mpaka siku moja akasema kipo, akaulizwa kinasemaje, akasema mimi nitajuaje, ila kipo, na Sylvanus alibadilika uso, akataka apelekwe palepale, wakampakia kwenye baiskeli wamemshika huku na huku, watu wa foleni wakampisha, wakamwamkia bila kumtaja jina, akafika mbele ya ubao, na chini ya maneno yake kulikuwa na mistari miwili imekatwa na wa tatu, alama ileile anayoweka Esteria kwa mkaa kwenye magunia yake yasibadilishwe, akaitazama sana, akasema, "Hii ni ya nyumbani, mama Immaculata, hii ninayo siku zote, mimi nilikuwa naulizia ya watu," akaomba arudishwe, hakuuliza tena jioni ile wala nyingine, na tarehe 9 Oktoba 1999, saa kumi alasiri, alifariki dunia.

Mimi nimefika juzi, nimewauliza mmoja mmoja, nyie mliokuwa mkimwandikia hadi mnagombea chaki, na wote mmenipa jibu moja kama mliokariri, kwamba mliogopa, kwamba mkono utakaoandika chini ya mgonjwa ndio utakaomfukia kama alivyofukiwa Theopista, yaani mlinyamaza ili apone, na mimi nawaamini, na kuwaamini huko ndiko kunakonimaliza, kwa sababu mngekuwa wabaya ningewatukana leo hadharani na kurudi zangu machungani, lakini mlimpenda, mkakaa pale mmempa mgongo mkimpenda, na yeye hakuomba jina lake liandikwe, aliomba tusi, na matusi sijawahi kuyakosa kwenu.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia Mpanda, mganga wa zahanati aliyekuwa akileta dawa kwa miguu, dereva wa lori aliyembeba bila kumharakisha, mwenye mashine na vibarua wenzake waliosimamisha kazi jana na leo, majirani waliopika, waliochota maji na waliochimba, na nyie wengine wote mliokuja kutoka Mamba, Kibaoni na mbugani, mmekuja wengi kiasi kwamba mikeka haitoshi na wazee wamesimama, tangu nizaliwe sijaona msiba uliojaa hivi, na katika umati wote huu mtu mmoja tu ndiye asiyewaona.

Pumzika, shemeji, na amani uipate huko, kwa maana huku tulichelewa nayo.